Suruali za Mawe

Juni 2

Vumbi limetua. Msimu wa picha safi umeanza rasmi leo, na mkuu wetu, tunayemwita Mzee Rula, ametupa hotuba yake ya kila mwaka neno kwa neno, mkono ukipima hewa kana kwamba ameshika rula kweli. Kwa watu wengine kiangazi ni jasho na mabomba makavu. Kwetu sisi wa ofisi ya ramani ndiyo mavuno: upepo ukikata, setilaiti inaliona jangwa hadi kokoto zake.

Daftari hili nimelinunua kwa sababu daktari wa macho alisema niwe naandika kila siku ninavyoona. Hakuniambia niandike habari za watu, lakini kurasa ni nyingi na macho yangu hayabadiliki upesi hivyo.

Macho: kati safi kabisa. Pembeni kushoto kama pazia limeshushwa kidogo.

Juni 3

Vipande sitini vya picha. Hakuna kitu ila mchanga na njia moja ya magari.

Juni 5

Niandike vizuri kuhusu macho, nimalize. Ni presha ya macho. Daktari alinieleza kwamba pembeni ndiko kunakofifia kwanza, na kilichofifia hakirudi. Kati kunaweza kudumu miaka mingi nikitia dawa bila kukosa, na kazi yangu naweza kuendelea nayo. Nimemwambia mtu mmoja tu, mume wangu. Yeye ni seremala, na jioni akinitia matone ananishika kichwa kama ubao anaotaka kuupiga randa. Niliapa sitamwambia mwingine, naye akaapa. Ofisini wakisikia "macho" hawatauliza kati wala pembeni.

Juni 11

Leo nimeona kitu.

Kipande cha arobaini na mbili, mahali ambapo hata njia ya mbuzi haipiti. Mistari miwili myembamba inaanza mbali, imeachana mwendo wa saa nzima kwa miguu, kisha inasogeleana polepole hadi inakutana kwenye duara. Ukingoni mwa duara kuna viduara vidogo sita. Nilidhani kioo cha kompyuta kimeingia unywele, nikakifuta. Haukuwa unywele.

Inafanana na suruali iliyotandikwa chini, miguu imepanuliwa, na kiunoni pameshonwa mfuko. Maji hayachori hivyo, upepo hauchori hivyo. Mtu ndiye aliyepanga haya. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, nimetia alama visima na njia za mahali nisipopakanyaga hata siku moja, na leo mara ya kwanza nimetamani kuteremka nikaguse.

Juni 12

Sikuitia alama. Nilikirudisha kipande kwenye foleni yangu kama ambacho sijakitazama. Hili ni kosa na ninalijua.

Utaratibu wetu ni huu. Anayetazama kipande kwanza anaitwa jicho la kwanza, na alama inaingia kwa jina lake. Kisha kipande kinapelekwa kwa mwingine, jicho la pili, ambaye haambiwi nani alitangulia. Yeye anathibitisha au anakataa. Macho haya mawili hayakai pamoja wala hayanong'onezani, ili mmoja asimwonyeshe mwenzake kitu kisichokuwapo. Alama ikikataliwa inafutwa na kipande kinafungwa kwa miaka mitano. Ndiyo maana sikuthubutu kuipeleka suruali moja peke yake. Angeipata mvivu mmoja akasema ni ufa wa ardhi, ingekuwa imekwisha.

Juni 19

Ya pili. Ya tatu. Zote miguu imeelekea upande mmoja, kaskazini.

Juni 20

Nimemwonyesha Wifi.

Wifi ni mdogo wake mume wangu, na yuko ofisini tangu mwaka jana. Nilimwombea kazi mimi, nikamsimamia mimi, na nilimfundisha kuchora mstari kuanzia kusini kwenda juu, jambo ambalo hapa halifanyi mtu mwingine ila sisi wawili. Watu husema mawifi hawapikiki chungu kimoja. Sisi tumepika mpaka majirani wakashangaa.

Aliangalia, akacheka hadi akashika tumbo nilipomwambia ni suruali. Kisha akavuta kiti. Nikamuuliza anaonaje, nizitie alama? Akasema nisubiri. Nikitia moja, Mzee Rula ataunyakua ukanda mzima aupeleke kwa wakubwa, na mimi nitabaki kupiga makofi. Nitafute zote kwanza, niziweke kwenye daftari, halafu niziingize kwa siku moja. Niliona ana akili kuliko mimi. Nikajivunia hata, kwamba mwanafunzi wangu amekomaa.

Juni 28

Saba. Joto limeanza kuuma. Pacha wetu wameandika kutoka shule ya bweni. Wanataka sabuni, na habari nyingine hawana.

Julai 4

Siwazi kitu kingine. Zizi? Zizi gani lina mikono ya kilomita tano? Kaburi? Nani anazikwa na suruali kubwa hivyo? Mume wangu anasema ni mpaka wa mashamba ya zamani. Nikamwambia pale hapajawahi kuota hata magugu. Akasema basi ni mpaka wa magugu.

Nilipima vivuli kwenye picha iliyopigwa jua likiwa bado chini. Mistari ni ukuta wa mawe, nao hauzidi magoti ya mtu. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Ukuta wa magoti unamzuia nani?

Julai 9

Kliniki ya macho. Foleni ndefu.

Wamechora mistari sakafuni, kijani kwa macho, nyekundu kwa mifupa, buluu kwa watoto. Nilikaa pale nikitazama miguu ya watu. Hakuna anayeshurutishwa. Hakuna kamba, hakuna askari. Mtu anakanyaga rangi yake na kuifuata, anakata kona, anapita milango minne bila kuuliza, anatokea mbele ya daktari. Hata mzee mmoja aliyekuwa na haraka ya kwenda chooni aliifuata kijani mpaka ikamfikisha asikotaka.

Nikasimama peke yangu katikati ya watu nikasema, "Hauzuii." Muuguzi akaniangalia.

Ukuta hauzuii, unaongoza! Mnyama wa porini angeweza kuuruka, lakini kwa nini auruke na mbele yake ni peupe? Anatembea ukiwa ubavuni mwake, siku nzima, na ule mwingine uko mbali hauoni. Anapouona wa pili amekwisha kufika kiunoni. Nikakumbuka kwamba kila duara liko nyuma kidogo ya mwinuko. Hawezi kuliona mpaka atumbukie. Vile viduara ni mashimo. Ni mitego ya swala, ya watu waliokuwa na subira kuliko sisi.

Daktari aliniuliza kwa nini natabasamu. Kati bado safi. Kushoto pazia limeshuka zaidi.

Julai 10

Nilimweleza Wifi yote, tukiwa kwenye ngazi za nyuma. Akanikumbatia. Akaomba daftari langu la namba za vipande akakague, isije ikawa nimekosea tarakimu. Nilimpa.

Julai 17

Kumi na nne. Nadhani ndizo zote. Wifi amerudisha daftari, amesema hakuna kosa hata moja.

Julai 22

Fununu: wakubwa wanataka kupeleka msafara jangwani mwezi wa tisa, kuonyesha kazi ya ofisi kwa wageni. Gari mbili. Mwenye alama bora ya msimu atapewa kiti. Nilipofika nyumbani nilijaribu viatu vyangu vya kutembelea. Mume wangu akacheka, akasema jangwa litanikimbia.

Nataka kiti hicho. Sijawahi kutaka kitu ofisini kwa namna hii. Nataka kuiona kabla pazia halijakutana katikati. Nitaingiza alama zote Jumatatu ya tarehe 31, nikimaliza kupima mwinuko wa mwisho.

Julai 25

Kliniki tena. Siku nzima imepotea, na foleni yangu ya vipande ameishika Wifi.

Julai 27

Nitaandika yote.

Saa tatu asubuhi nilipokea mafungu ya kuthibitisha, kazi ya jicho la pili, ambayo kila Alhamisi ni zamu yangu na ofisi nzima inajua. Nikafungua cha kwanza. Ilikuwa suruali yangu. Ile ya kwanza, ya Juni 11, imetiwa alama. Nikadhani mtu ameiona kwa bahati, nikafungua cha pili. Ya pili. Cha tatu. Kumi na nne zote, kwa mpangilio uleule wa daftari langu, hata ile namba ya tisa niliyoiandika kabla ya ya nane kwa uzembe. Tarehe ya alama: Julai 25. Siku ambayo nilikuwa kwenye benchi la kliniki.

Jina la jicho la kwanza halionyeshwi. Sikulihitaji. Kila mstari ulianzia kusini kwenda juu.

Chini ya kioo kulikuwa na vitufe viwili, *nathibitisha* na *nakataa*. Nilikaa saa nzima na vitufe hivyo. Nikikataa, alama zinafutwa, vipande vinafungwa miaka mitano, na miaka mitano mimi sina. Suruali zitarudi kuwa mchanga. Nikithibitisha, natia sahihi yangu mwenyewe kwamba aliyeziona ni mwingine. Mkaguzi wa meza ya pili akaniuliza kama nimekwama. Nikamwambia hapana, kazi ni safi sana, nashangaa tu.

Nilithibitisha zote kumi na nne. Ni za kweli. Ningewezaje kusema si za kweli?

Kisha nilikwenda chooni nikalia, nikajifuta, nikarudi nikamaliza vipande vilivyobaki.

Julai 28

Nilimngojea Wifi kwenye ngazi. Hakutokea. Alipita mlango wa mbele, mlango ambao hajawahi kuupenda kwa sababu ya jua.

Julai 31

Nilikwenda kwa Mzee Rula na daftari la namba. Nikamwonyesha tarehe zangu, vivuli, hesabu za mwinuko. Alisikiliza, si mtu mbaya. Akafungua kumbukumbu, akanigeuzia kioo.

"Hapa wewe ni jicho la pili. Umethibitisha mwenyewe, zote. Jicho la pili akija kusema yeye ndiye wa kwanza, utaratibu mzima si umekufa?"

Nikasema daftari lina tarehe ya Juni. Akasema daftari la dukani linaandikwa tarehe yoyote. Kisha akashusha sauti, na huruma aliyoivaa usoni ndiyo iliyonitisha.

"Halafu, mama, tumesikia habari za macho yako. Pole sana. Pengine uliziona baada ya kuonyeshwa, ukadhani ndiyo mwanzo. Inatokea. Nimeona tukuhamishie stoo ya ramani za karatasi, upumzike."

Nilikuwa nahesabu watu wanaojua. Kuhesabu kwenyewe hakukuchukua muda, maana alikuwa mmoja.

Julai 31, jioni

Nilimkuta mume wangu karakanani anapiga msasa mguu wa dawati. Nilimuuliza kama alimwambia dada yake. Hakuacha msasa.

"Nilimwambia tangu mwezi wa sita. Ni dada yangu. Nilitaka akuangalie pale kazini, usije ukajikwaa."

Nikamuuliza kama alijua kuhusu alama. Hapo akaacha.

"Mama Pacha, sikia. Wewe macho yanakwisha, hilo tumeshakubali. Jina hilo ungelibeba mwaka mmoja, miwili, halafu? Yeye ana miaka thelathini mbele yake. Sasa jina limebaki humuhumu kwenye familia. Limepotea wapi?"

Alilisema bila hasira, kama mtu anayeeleza kwa nini alikata ubao hapa na si pale. Walikuwa wamekaa wakalipanga. Nadhani walikuwa wakinywa chai yangu. Na mimi jioni zote hizo nilikuwa namsimulia mwinuko huu na kivuli kile, kichwa changu mikononi mwake, namwaga habari zote masikioni mwa dada yake. Kikulacho ki nguoni mwako: shuleni niliiandikia insha nikapata alama nzuri, wala sikuwa nimeielewa.

Niliitoa chupa ya matone mfukoni mwake nikaitia mfukoni mwangu.

Agosti 3

Stoo. Karatasi, panya, na taa moja.

Agosti 4

Natia matone mwenyewe. Nusu yanaishia shavuni.

Agosti 9

Joto. Hakuna jingine.

Agosti 15

Gazetini kuna picha ya Wifi akionyesha kidole kwenye kioo. Anasema alipokuwa hospitalini kumtembelea mgonjwa aliona mistari sakafuni na ghafla akaelewa kwamba ukuta hauzuii, unaongoza. Mgonjwa! Nimesoma mara tatu. Alama alizichukua, sawa. Lakini benchi lile nilikaa mimi, na yule mzee aliyekosa choo ni wangu.

Mume wangu amelikata gazeti, amelibandika karakanani.

Agosti 18

Dada yangu mkubwa amepiga simu kutoka mjini kwake. Nilimweleza. Akasema, "Chumba cha nyuma kina dirisha kubwa." Nikamwambia ndoa ya miaka kumi na tisa haiachwi kwa ajili ya picha za mawe. Akasema hajataja ndoa, ametaja dirisha.

Agosti 27

Macho: kati safi. Kulia nako kumeanza.

Septemba 2

Wifi alikuja stoo. Amekonda. Alisimama mlangoni akasema hakudhani wangenihamisha, alitaja macho kwa Mzee Rula ili tu nisigombane naye mbele za watu. Nilimuuliza swali moja: siku ile ya Juni aliponiambia nisubiri, alikuwa ameshaamua? Akasema hapana, wallahi, siku ile hapana. Aliamua kidogokidogo. Namwamini, na kumwamini kumeniuma kuliko kama angenidanganya.

Septemba 7

Msafara umeondoka. Gari mbili nyeupe. Viatu vyangu viko chini ya kitanda.

Septemba 9, Jumamosi

Saa tano asubuhi simu yangu ililia, namba ndefu nisiyoijua. Ilikuwa simu ya setilaiti ya msafara. Wifi. Alikuwa ananong'ona.

Alisema kifaa kinaonyesha wamefika, wako juu ya namba ya kwanza kabisa, na hakuna kitu. Mawe tu, kila upande mawe. Mzee Rula amekunja uso, wageni wamekaa kivulini mwa gari, mmoja ameuliza kama safari yote hii ni ya kuonyeshwa kokoto. "Wifi yangu," alisema, "nisaidie. Sioni."

Nilikaa kitandani. Ningeweza kusema simu haisikiki. Ningeweza kumpeleka upande mwingine wa bonde akatembee na wageni wake hadi magharibi. Nililifikiria, sitajifanya mtakatifu. Lakini nilipofumba macho niliiona yote, kama nilivyoiona kila siku tangu Juni, na mara hii pia sikuweza kuikana.

Nikamwambia achuchumae. Ulimwengu mzima unaonekana tambarare ukiwa umesimama. Akachuchumaa. Nikamwambia ageukie jua, atafute kilima chenye kichwa bapa, akiweke begani kushoto, kisha asitazame jiwe moja moja, atazame vivuli. Vivuli vya mawe yaliyoanguka vimetawanyika. Vivuli vya mawe yaliyopangwa vinashikana.

Upepo tu kwenye simu. Kisha nikasikia anavuta pumzi.

"Upo," akasema. "Upo, unakwenda mpaka... Mungu wangu, hauishi."

"Una kimo gani?"

"Magotini."

Nililia, na si kwa huzuni yote. Nilimwambia aufuate ukiwa mkono wa kulia, asiuruke, wageni wamfuate nyuma, na baada ya mwinuko watembee taratibu maana shimo la kwanza litakuwa miguuni. Nikasikia viatu vyao, sauti zinaitana, kisha Mzee Rula kwa mbali akisema hongera, hongera sana binti. Nilidhani Wifi amesahau kukata. Lakini alirudi kwenye simu, pumzi juu, furaha imemlevya.

"Asante, Wifi. Kaka aliniambia, ukikwama huko mpigie yeye. Alisema huna roho ya kukataa."

Nikakata mimi.

Hawakuhofia chochote, basi. Walipoiba walijua nitathibitisha, na walipopotea walijua nitawaonyesha njia. Wema wangu waliupima kama seremala apimavyo mlango, wakapita.

Mume wangu alirudi saa nane mchana. Kabla hajaketi aliuliza kama dada yake amepiga. Nikasema amepiga.

"Ukamwonyesha?"

"Nimemwonyesha."

Akatabasamu, tabasamu zuri, lile la zamani. "Nilijua tu."

Nilimwomba asogee dirishani. Akasogea, akidhani nataka tuongee. Jua lilikuwa linamwangukia usoni lote. Nilimtazama paji la uso, kovu la patasi chini ya jicho, mvi zilizoanza kidevuni, meno. Nilimtazama mpaka akaacha kutabasamu akauliza kuna nini. Nilitaka tu niujue vizuri uso wa mtu aliyenifanyia haya, wakati bado nauona.

Kisha nikavuta sanduku, nikaanza kukunja nguo zangu.